Nyumba Isiyoomba Leseni: Miaka 25 ya Ufungamano

Katikati ya Desemba 1999, viongozi wa makanisa, wa Waislamu na wa Wahindu walikutana katika jumba la Ufungamano jijini Nairobi, karibu na Chuo Kikuu, wakatangaza kwamba wangewaongoza Wakenya kuandika Katiba mpya bila kungoja idhini ya serikali. Rais Daniel arap Moi alikuwa ametawala kwa miaka 21. Bunge, ambalo chama tawala cha KANU kililidhibiti, lilikuwa limejitwalia kazi hiyo na kuamua kuunda kamati yake. Desemba 2024 Mpango wa Ufungamano ulitimiza miaka 25, na jarida hili linaungana na wote wanaouadhimisha. Katiba iliyotiwa saini Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010 ilipita mikono mingi, lakini bila jumba lile huenda ingeandikwa na wanasiasa kwa ajili ya wanasiasa.

Sherehe za jubilei huvutia sifa tupu. Tunaona kwamba heshima kubwa zaidi tunayoweza kuwapa waasisi wa Ufungamano ni kueleza jinsi walichokifanya kilivyowezekana. Dini nchini Kenya ililinda uhuru kwa sababu tatu ambazo hazihitaji muujiza: ilikuwa na mahali pake pa kukutania, ilikuwa na mfuko wake, na viongozi wake hawakuteuliwa na Ikulu. Iliposhika hayo, hata watu wasiosali walipata pa kujisitiri. Ilipoyaachia, haikumlinda mtu yeyote, wakati mwingine hata waumini wake.

Aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 anastahili kuelezwa nchi ilivyokuwa. Juni 1982 Katiba ilirekebishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1986 KANU ikaamua kwamba kura za mchujo zipigwe kwa mlolongo: wapigakura wanajipanga nyuma ya mgombea wao au picha yake, msimamizi anahesabu vichwa. Mfumo huo ulipotumika mwaka 1988, kuna mahali ambapo aliyekuwa na foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi mchana kweupe. Mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya mkuu wa wilaya, naye alikuwa mtu wa rais. Wahadhiri, mawakili na waandishi walitupwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Hata shirika la Maendeleo ya Wanawake liliwekwa chini ya chama tawala.

Ukabaki mkusanyiko mmoja usioombewa leseni, nao ni ibada. Ijumaa adhuhuri na Jumapili asubuhi, mamilioni ya watu walikaa pamoja kumsikiliza mtu ambaye mkuu wa wilaya hakumchagua na hakuweza kumfuta kazi. Kanisa na msikiti vilikuwa na matawi hadi vijiji ambavyo upinzani haukuwa na ofisi wala pikipiki. Vilikuwa na shule, hospitali, mitambo ya kuchapa na sadaka za waumini. Dola iliyokuwa imefunga kila mlango mwingine haikuwa na ujasiri wa kuufunga huu, kwa kuwa rais mwenyewe alionekana kanisani kila Jumapili, na taarifa ya habari ya redio ya taifa haikukosa kutangaza alikosalia.

Lakini mahali peke yake hapatoshi; lazima awepo wa kusema. Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikuwa la mwanzo kuupinga mlolongo mwaka uleule wa 1986. Jarida lake la Beyond lilipigwa marufuku Machi 1988 baada ya kuanika wizi wa kura, na mhariri wake akafungwa. Askofu David Gitari wa Kanisa la Kianglikana alihubiri kuhusu Danieli na hila za maofisa wa mfalme, na waumini hawakuhitaji kufafanuliwa maofisa hao walikuwa nani. Aprili 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Siku ya kwanza ya mwaka 1990, Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Kipresbiteri aliuliza mimbarani kama tawala za chama kimoja barani Afrika zingenusurika baada ya zile za Ulaya Mashariki kuporomoka. Askofu Henry Okullu aliendeleza hoja hiyo kwa kudai vyama vingi waziwazi. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa na waziri Peter Okondo kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Akaenda. Tarehe 14 Agosti 1990, akiwa njiani kurudi, gari lake liligongana na lori, akafa. Waziri alijiuzulu. Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kilifutwa.

Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyofunzwa. Watu hawa walikataa kumpisha, na hawakuwa na silaha wala kura. Walikuwa na imani kwamba mtawala naye ni kiumbe na kuna hukumu iliyo juu yake. Mkristo anaijua kupitia nabii Nathani aliyemkabili Mfalme Daudi. Mwislamu anaijua kupitia mafundisho yanayolihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa jihadi iliyo bora. Itikadi hiyo ikishakaa moyoni, kitisho cha serikali kinapoteza nusu ya nguvu zake. Ndiyo maana madikteta huanza kwa kuwabembeleza viongozi wa dini kabla ya kuwatisha.

Tukio ambalo Wakenya wangepaswa kuwafundisha watoto wao ni la mwaka 1992. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walianza mgomo wa kula katika kona ya Uhuru Park ambayo sasa inaitwa Freedom Corner. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia kwa marungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya mama hao walivua nguo mbele ya askari, laana ambayo kila mtoto wa Kiafrika anaielewa. Walipofukuzwa bustanini walipokewa katika Kanisa Kuu la All Saints, ng'ambo ya barabara, wakakaa humo kwa karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa. Aliyewapokea hakuwauliza kama ni Waanglikana. Tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, kanisa hilohilo lilivamiwa na polisi waliowapiga watu ndani ya nyumba ya ibada. Serikali ilikuwa imetambua kwamba pale palikuwa uwanja pekee ambao haukuwa na ufunguo wake.

Ufungamano ulizaliwa kutokana na uzoefu huo. Baada ya mageuzi haba ya mwaka 1997, vyama, makanisa na mashirika ya kiraia vilikuwa vimekubaliana jinsi ya kuandika Katiba upya, lakini mwaka 1999 makubaliano yalikwama vyama vilipogombania viti vya tume. Mwezi Juni, Njoya alipigwa vibaya nje ya Bunge mbele ya kamera, akiwa ameandamana kudai Katiba ya wananchi. Moi alikuwa ameshauliza Wanjiku, mwanamke wa kawaida wa kijijini, angejua nini kuhusu Katiba. Wakenya walilichukua jina hilo kwa fahari, na hadi leo Wanjiku ndiye mwananchi mwenyewe.

Basi NCCK, maaskofu Wakatoliki, Baraza Kuu la Waislamu SUPKEM, Baraza la Wahindu na makundi mengine wakaketi meza moja, Mchungaji Mutava Musyimi akiwa miongoni mwa viongozi wao. Upande wa pili ilikuwapo kamati ya Bunge chini ya Raila Odinga, mtu aliyekuwa ameonja kizuizini kuliko wengi wa wale aliokuwa akishindana nao. Historia yetu haikosi vichekesho. Mwaka 2000 Ufungamano uliunda Tume ya Wananchi ya Kenya chini ya wakili Oki Ooko-Ombaka, ikaanza kukusanya maoni bila senti ya Hazina. Mwezi Agosti mwaka huohuo, Padri John Kaiser, aliyekuwa amewatetea waliofukuzwa katika mashamba yao na kutoa ushahidi mbele ya tume ya uchunguzi wa mapigano ya kikabila, alikutwa ameuawa kwa risasi kando ya barabara karibu na Naivasha. Hata hivyo kazi ya Tume ya Wananchi iliendelea.

Kilichofuata ndicho kiini cha sherehe hii. Serikali ilimteua Profesa Yash Pal Ghai kuongoza tume rasmi. Ghai, msomi wa sheria aliyezaliwa Kenya, alikataa kula kiapo hadi pande mbili ziungane. Kama Ufungamano usingekuwapo, asingekuwa na mtu wa kumngoja. Angeapishwa na kuongoza tume ya upande mmoja. Mwaka 2001 sheria ilirekebishwa, makamishna wa Ufungamano wakaingia katika tume moja na Ooko-Ombaka akawa naibu mwenyekiti. Tume hiyo ilizunguka majimbo yote 210 ya uchaguzi ikimsikiliza Wanjiku. Maoni yaliyopatikana ndiyo yaliyopelekwa kwenye mkutano wa kitaifa wa Katiba wa Bomas mwaka 2003, na mengi yake yanasomeka katika Katiba ya leo: ugatuzi, Sheria ya Haki, mahakama huru, haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani katika Kifungu cha 37. Jumba lililokutanisha watu bila leseni lilichangia kuzaliwa kwa Katiba inayompa kila Mkenya haki hiyo.

Hapo ndipo sifa zinapoanza kupungua. Katika mjadala wa Bomas, suala la mahakama za kadhi liliwagawa waliokuwa meza moja. Mahakama hizo zinaamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kwenda huko. Kuwapo kwazo ni sehemu ya makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyoufanya ukanda wa Pwani, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kuingia Kenya huru. Zilikuwa tayari katika Katiba ya zamani na hazikuwa zimemnyima Mkristo chochote. Hata hivyo makanisa mengi yalizipinga kana kwamba uhuru wao ulikuwa hatarini. Mwaka 2010, kwa sababu ya kadhi na ya kifungu kuhusu uavyaji mimba, viongozi wakuu wa makanisa walisimama upande wa La, pamoja na William Ruto. Takriban asilimia 67 ya wapigakura walisema Ndiyo, wakiwamo mamilioni waliotoka kanisani Jumapili iliyotangulia. Wengi wa wazazi wa hoja ya Katiba hawakuwa na wana wao siku ya harusi.

Zaidi ya hapo kuna jeraha la 2007. Baada ya uchaguzi wa mwaka huo zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa wanawake na watoto waliokimbilia humo. Mwezi Februari NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za makabila yao, ikaomba radhi. Ungamo hilo lilikuwa la haki. Lilieleza pia kwa nini sauti ya kanisa haikusikika katika wiki ambazo nchi iliihitaji kuliko wakati wowote: askofu aliyekwisha kuwa mtu wa mgombea fulani hawezi kuwaambia vijana wa mgombea huyo waweke chini mapanga.

Majirani wetu wamejifunza jambo lilelile kwa njia zao. Nchini Malawi, waraka wa maaskofu Wakatoliki uliosomwa katika parokia zote Machi 1992 ulikuwa wa kwanza kuukosoa utawala wa Kamuzu Banda waziwazi. Wapresbiteri na Waislamu wakajiunga nao katika kamati moja, na kura ya maoni ya Juni 1993 ikamaliza utawala wa chama kimoja. Nchini Kongo, maaskofu walisimamia mkataba wa mkesha wa mwaka mpya wa 2016, na walei Wakatoliki wakaandamana mwaka uliofuata kudai uchaguzi. Nchini Rwanda mambo yalikuwa kinyume. Askofu mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa kwa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala cha MRND. Mauaji ya kimbari yalipofika mwaka 1994, waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyarubuye waliuawa humo. Imani ya Wanyarwanda haikuwa haba; karibu wote walikuwa wamebatizwa. Ila kanisa lao lilikuwa limezoea kukaa upande wa serikali, na lilipohitajika kusimama peke yake halikuwa na miguu.

Kwa hiyo swali la jubilei hii ni kama sababu zile tatu bado zipo Kenya. Mahali papo. Juni 2024, vijana walipoandamana dhidi ya Mswada wa Fedha, Msikiti wa Jamia katikati ya Nairobi uliwafungulia milango, majeruhi wakatibiwa humo bila kuulizwa dini yao. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo vipatavyo 60 katika maandamano ya mwaka huo. Kijana aliyekuwa akitokwa damu barabarani alijua pa kukimbilia, na si kila nchi inayoweza kusema hivyo.

Mfuko ndio unaotutia wasiwasi. Mkono mtupu haulambwi, na wanasiasa wetu hawaji kanisani mikono mitupu. Kwa miaka mingi harambee za Jumapili zimegeuza madhabahu kuwa jukwaa: mwanasiasa anatoa bahasha, anapewa kipaza sauti, anawatukana wapinzani wake mbele ya sakramenti. Fedha hizo zinatoka wapi, hakuna anayeuliza. Septemba 2021, mjini Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kianglikana aliwanyima wanasiasa mimbari siku ya kusimikwa kwa Askofu Rose Okeno. Ilikuwa hatua njema, lakini wengi hawakuifuata. Ndiyo maana mwaka 2024 vijana walipowalaumu wanasiasa waliyalaumu makanisa pia, wakitaka yaache kuwa vituo vya kampeni. Kizazi cha Ufungamano kilikimbilia kanisani. Kizazi hiki kilianza kwa kulishtaki.

Tunafurahi kwamba shtaka limesikika. Tarehe 14 Novemba 2024, maaskofu Wakatoliki walitoa taarifa kali kuhusu uongo katika utawala, utekaji wa raia na kodi. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais Ruto katika parokia ya Soweto jijini humo yarudishwe. Kurudisha fedha ni mahubiri ambayo hayahitaji kutafsiriwa. Waumini wa parokia hiyo wangefurahia nyumba ya padri na basi walivyoahidiwa. Askofu wao amewaambia kwamba kuna kitu cha thamani zaidi ambacho basi hilo lingekibeba na kuondoka nacho.

Kuhusu viongozi wasioteuliwa na Ikulu, hatari ya sasa inakuja kwa mlango mwingine. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ya watu walioaminishwa kwamba kufa kwa njaa ni njia ya kukutana na Yesu. Hakuna mtetezi wa uhuru wa dini anayeweza kupita juu ya makaburi hayo kimyakimya. Imani inaweza kumfunga mtu kuliko serikali yoyote. Tangu wakati huo yamependekezwa masharti mapya ya kusajili na kusimamia taasisi za dini. Tunasema hivi: anayewaua watu kwa njaa ashughulikiwe kwa sheria za jinai, ambazo zilikuwapo kabla ya Shakahola na zingetumika mapema kama polisi wangetekeleza wajibu wao. Kumpa ofisa wa serikali mamlaka ya kuamua nani ahubiri ni kurudisha leseni ya mkuu wa wilaya, safari hii mlangoni mwa kanisa na msikiti. Vyombo vya dini vijisimamie kwa ukali, vichapishe hesabu zao, viwaondoe matapeli wenyewe, ili serikali isipate kisingizio.

Katiba yetu inaukiri ukuu wa Mungu katika utangulizi wake, na katika Kifungu cha 8 inasema hakuna dini ya taifa. Wapo wanaoona mgongano hapo. Historia ya Ufungamano inatuonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyotegemeana. Dini inayomiliki dola haina haja ya kutetea uhuru wa mtu mwingine, na dola inayomiliki dini haina wa kuikemea. Wahindu wachache waliokaa meza ile mwaka 1999 hawakuwa na kura za kumtisha mwanasiasa yeyote. Kuwapo kwao kulithibitisha kwamba lililokuwa likidaiwa lilikuwa la wote.

Kwa hiyo jarida hili linatoa wito kwa warithi wa Ufungamano. Meza ile irudishwe, Waislamu wakiwamo kama wenye nyumba na si wageni waalikwa, na ianze na mambo yanayowagusa raia wote: utekaji, mauaji ya waandamanaji, madeni ya taifa na uchaguzi wa 2027. Kila dhehebu litangaze kwamba halitapokea mchango wa mwanasiasa mbele ya waumini, litaje pia fedha zilizokwisha kupokewa. Na maaskofu waliopinga Katiba ya 2010 waitetee sasa kwa nguvu zilezile walizotumia kuipinga, kwa kuwa ndiyo inayowalinda siku serikali itakapochoka kuwasikiliza.

Hongera kwa Ufungamano kwa miaka 25. Waliouanzisha walikuta nchi ambamo raia aliomba ruhusa ili akutane na mwenzake, wakatuachia nchi ambamo ruhusa hiyo ni haki. Kuilinda haki hiyo kuna gharama, na bili ya kizazi hiki imeshaanza kufika.